Kalanga Zangu Zinaenda Kazimia

Baraka, siku ya tano

Kicheko ya wifi yangu bado iko ku masikio. "Deni ya Serikali unalipa na kalanga za muzuri hivi? Serikali itazionja?" Batu ba Serikali balitukopesha mbegu ya kupanda, basi ninarudisha mbegu ya kupanda.

Kweli, zenye zilibaki ku nyumba ni ndogo-ndogo, na batoto balinungunika. Hiyo inanisumbua.

Lakini leo ku depo ya mbegu, agronome, fundi wa kilimo, alifungua mufuko yangu, akapasua kalanga moja, akaita bengine bakuye kuona. "Mama, hizi hatutaziuzisha. Bamama ba Kazimia ndio batazipanda."

Mi sijafika Kazimia hata siku moja. Kalanga zangu zitafika mbele yangu.