Spika Kwangu, Amplifaya kwa Kaanaeli

Jumamosi, 15 Machi 1958

Nimerudi kutoka mnadani Usa River. Mzungu mwenye shamba la kahawa anarudi kwao, anauza kila kitu mpaka vijiko. Mimi nilifuata kitu kimoja tu — mitambo yake ya santuri. Niliisikia mwaka juzi nilipompelekea miche. Sauti ilitoka dirishani utadhani wapigaji wamekaa humo ndani! Tangu siku ile gramafoni yangu ya kuzungusha kwa mkono naiona debe.

Basi nikanunua kabati. Linanifika kifuani, mbao za mtarakwa, kitambaa cha rangi ya dhahabu mbele. Sikuwa na shaka kwamba kila kitu kimo humo. Kisha dalali akainua kisanduku cha chuma, na kile cha kuzungushia santuri, na kasha la santuri zenyewe. Hata sikugeuka, nilikuwa nafunga kamba kabati langu. Aliyevichukua — Kaanaeli. Mdogo wangu! Wala sikujua kwamba amekuja.

Nimefika nyumbani nikafungua mgongo wa kabati. Spika moja, upana wa sinia. Na hewa. Basi.

Jumapili, 16 Machi

Baada ya ibada watu wote wamekwenda kwa Kaanaeli. Miaka kumi na miwili walikuwa wakija kwangu! Walikaa uani kwenye majani wakisikiliza gramafoni, mke wangu Penina akiwagawia chai. Leo tumekunywa chai wawili.

Kile kisanduku cha chuma ndicho amplifaya, ndicho kinachoipa sauti nguvu. Kaanaeli amekiunga na spika ndogo ya redio yake, anatumia betri ya gari. Penina alikwenda kuchungulia tu, akarudi jua limekwisha. Anasema sauti ikipandishwa inakwaruza, lakini hata hivyo ni nzuri. Nikamwuliza, nzuri kuliko yangu? Akaniuliza yangu ipi.

Jumatano, 19 Machi

Nimekwenda mjini kwa Kirpal, fundi wa redio. Nilimpelekea maandishi niliyonakili mgongoni mwa spika. Akasoma, akafungua daftari lake. Kumbe Kaanaeli alifika jana na namba zake! Zinalingana kabisa. Amplifaya na spika vilitengenezwa viende pamoja. Kirpal anasema ni kama ng'ombe wawili wa plau, ukimfunga dume na ndama shamba halilimiki. Nikamwomba anitafutie amplifaya nyingine. Hana. Labda Nairobi, nayo ni miezi. Kisha akataka kujua kwa nini ndugu wawili hawazungumzi. Nikamwambia tunazungumza. Nikanunua waya nisiouhitaji nikaondoka.

Jioni nimeunga spika na redio yangu. Kabati kubwa lote lile, na linatoa sauti ya mgonjwa! Penina ametoka nje kucheka.

Ijumaa, 21 Machi

Kaanaeli amekuja. Amevua kofia, ameniamkia vizuri kama kawaida yake. Adabu yake ndiyo inayonichosha.

Hakuanza na spika, alianza na Mama. Mama anakaa kwake, maana yeye ndiye kitinda mimba na nyumba ya Baba imebaki kwake. Kwetu ndivyo. Mimi wa kwanza nilipewa kihamba cha juu, shamba la ukoo huku kilimani, na Mama hufika huku mara mbili kwa mwaka. Sasa hata hizo mbili zimekwisha, miguu haitaki. Masikio nayo yamekufa. Kanisani haendi tena, anasema anaona midomo tu.

Katika lile kasha Kaanaeli amekuta santuri ya tarumbeta, zinapiga nyimbo za kanisa zilezile zetu. Baba alipuliza tarumbeta kanisani hapa miaka ishirini, lile kubwa la sauti nzito. Amempigia Mama. Mama akasema anasikia nzi. Kwa hiyo anaomba tuunganishe, amplifaya yake na spika yangu. Sauti nzito labda itamfikia.

Nikasema sawa, alete amplifaya hapa. Akanikumbusha kwamba Mama hawezi kupanda kilima, na mvua hizi. Kweli hawezi. Hapo ndipo nikamwambia kwamba spika imetobolewa na panya.

Sijui neno lile lilitoka wapi. Lilitoka tu. Na Kaanaeli akanipa pole! Akashuka njia yake ameinamisha kichwa, mvua ikimpiga.

Jumapili, 23 Machi

Habari ya panya imeenea. Mzee wa kanisa amenipa pole mlangoni, tena mbele ya watu. Mchana Lydia, mke wa Kaanaeli, amekuja na kikapu kimefunikwa kwa khanga. Paka! Wametuletea paka, awamalize panya wa shemeji. Nikampokea. Ningefanyaje? Penina akaenda kumtafutia maziwa.

Ijumaa Kuu, 4 Aprili

Penina amesema leo. Tulikuwa tunamenya ndizi, mimi na yeye, mvua inanyesha.

"Mama yako ana miaka themanini," akasema. "Pasaka hii ataitazama midomo tena. Na wewe umekaa na kabati bubu ndani, unafuga paka wa uongo."

Nikamwambia hajui mambo ya nyumba yetu. Akasema anayajua, ameyapikia miaka kumi na tisa.

Haya. Naandika hapa ambapo hakuna anayesoma. Ni wivu. Namwonea wivu mdogo wangu. Si kwa amplifaya tu. Nyumba ya Baba ni yake, Mama anakunywa uji kutoka mkononi mwa Lydia, akiumwa jina analoliita ni Kaanaeli. Mimi nikifika ananiuliza kama nimekula, kama mgeni. Kitu kimoja tu nilikuwa nacho, watu waliokaa kwenye majani yangu Jumapili. Nacho amekichukua, na hata hakukusudia. Angekusudia ningempiga, ningepumua.

Spika itakwenda. Itakwenda Pasaka. Lakini nitaipeleka mimi mwenyewe, niiunge mimi mwenyewe, Mama aone.

Jumapili ya Pasaka, 6 Aprili

Naandika barazani kwa Kaanaeli. Daftari lilikuwa mfukoni.

Tumelileta kabati baada ya ibada, wanaume wanne, tumelifunika kwa turubai. Tumeteleza mara mbili. Kaanaeli alifungua mgongo, akapitisha kidole kwenye karatasi ya spika, kuzunguka yote, polepole. Hakuna tundu. Nilikuwa nangoja aseme mbele ya watu.

"Imepona, kaka," akasema. Basi. Akanipa koleo niunge waya.

Mama alikuwa kwenye kiti chake ubavuni mwa kabati, macho yake uani, anatazama kuku. Kaanaeli akaweka sindano, akapandisha sauti taratibu. Tarumbeta ndogo zikaanza. Mama hakutikisika. Kisha likaingia lile kubwa, na hakuna kilichokwaruza! Ni sauti ileile ya dirishani Usa River, yote, nzima. Vikombe vikatetemeka mezani. Mama akageuka. Akaweka kiganja kwenye mbao, baadaye shavu. Midomo ikaanza kwenda, maneno yote ya wimbo, kwa Kimeru. Penina akalia. Na mimi nililia, nyuma ya kabati, waya mkononi.

Kisha Mama akamvuta Kaanaeli mkono.

"Umenirudishia baba yako," akamwambia. "Wewe ndiye mwanangu unayenikumbuka."

Huku nyuma hakutazama. Nikaweka koleo chini nikatoka.

Sasa Kaanaeli amenifuata. Amemwambia Mama spika ni ya nani, amepiga kelele mara tatu sikioni mwake. Mama hasikii sauti ya mtu, anasikia tarumbeta tu. Wakitaka kuigeuza santuri anaushika mkono wa Lydia, hataki inyamaze hata kidogo.

"Kaka," ananiambia, "nizime nimwambie?"

Amesimama mlangoni anangoja. Namwona kwa pembe ya jicho. Ndani Mama amepaza sauti, sijamsikia akiimba hivi tangu tumzike Baba. Naandika polepole ili nisiinue kichwa. Kaanaeli hataondoka, namjua, atangoja mpaka nijibu. Nataka azime. Mungu anisamehe, nataka sana azime.