Mlango Haukubamizwa na Upepo

Mdogo wangu,

Supu iko jikoni, ipashe moto polepole. Nguo yako ya kubana miguu nimeianika dirishani. Usiivae ikiwa mbichi, makovu yatakuwasha. Na usiiname kufua chochote, nakujua.

Ule mlango asubuhi haukubamizwa na upepo. Ni mimi. Ulisimama mbele ya kioo, mama akapiga vigelegele: "Jamani, hata vifundo vya miguu vinaonekana!" Nikashikwa na wivu, nikatoka na kuubamiza. Lipidema, huu ugonjwa wa mafuta kujaa miguuni, tumeugua sote wawili tangu usichana. Sote tulijinyima chakula, na sote miguu ikabaki minene, inauma hata mtoto akiiegemea. Halafu wewe ukafanyiwa upasuaji, ukanyonywa mafuta na kukazwa ngozi kwa mkupuo mmoja, mimi nikabaki kukubebea mkoba na kukuogesha. Leo mama hakunitupia jicho hata mara moja.

~~Nimeenda kazini, nitachelewa.~~

Hapana, sitaki kukudanganya. Nimeenda kwa daktari wako. Siku ile ulipotolewa nyuzi aliniuliza, "Na wewe dada, utakuja lini?" Nikamjibu kwa ukali kwamba mimi ni msindikizaji tu. Kumbe kisu ndicho nilichokuwa naogopa. Leo naenda kumwonyesha miguu yangu.

Mama usimwambie kwanza. Weka simu karibu. Nikiingiwa na woga pale mlangoni nitakupigia, unigombeze mpaka niingie.

Dada yako, mwenye wivu wake