Baba na Neno la Kuombea Kazi

Baba yangu,

Shikamoo. Huko uliko sijui kama wanaamkiana, lakini wewe mtu akikupita kimya ulikuwa unamwita arudi.

Leo nimeikumbuka jioni ile nyumbani kwetu Ruhuwiko. Chama cha ushirika kilikuwa kimekupunguza kazini, nami nimemaliza kidato cha nne. Kampuni ya mtu binafsi ya kununua mahindi ilikuwa imefungua ofisi mjini na inatafuta karani. Barua walitaka kwa Kiingereza. Nikaandika, nikakuletea uikague.

Ulivaa miwani, ukatikisa kichwa. "Huanzi na 'I wish to apply'. Andika 'I humbly beg to apply'. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Baba, 'beg' ni kuombaomba. Mimi natafuta kazi, sitafuti msaada."

"Mimi niliandika hivyohivyo, nikaajiriwa, mkala!"

Mama akaacha kupepeta mchele. "Baba Oliva, mtoto anataka kuajiriwa au kuhurumiwa?"

Uliiinamia barua. Nikadhani umekasirika, kumbe unaendelea kusoma. Ukagonga mwisho wa karatasi kwa kidole.

"Haya, huko juu umeshinda. Na huku chini? Huyo meneja unamjua jina?"

"Simjui."

"Basi 'Yours sincerely' ya nini? Hiyo ni ya mtu uliyemtaja kwa jina. Huyu umemwita 'Dear Sir', unamalizia 'Yours faithfully'. Y kubwa, f ndogo."

Nikaandika upya yote.

Meneja aliponiita, aliisoma tena mbele yangu, akauliza, "Nani amekufundisha kuandika barua?"

"Baba yangu," nikasema. "Na mimi kidogo." Akacheka, nikapata kazi.

Kisha Jumapili moja, tumetoka misa, ukanivuta pembeni. "Oliva, kuna duka la pembejeo linatafuta mtunza stoo. Niandikie barua. Mkono wangu siku hizi unatetemeka."

Mkono wako haukuwa unatetemeka, baba. Nilijua, nawe ulijua kwamba nimejua.

"Nianzeje?" nikauliza.

Ukatazama chini. "Anza kama ulivyoanza yako."

Asubuhi ya usaili nilisimama mlangoni nikikuangalia. Tangu upunguzwe ulikuwa ukipita kandokando ya njia, kama mtu anayewapisha wenye shughuli zao. Siku ile ulishika katikati ya barabara, unasalimia watu kwa sauti mpaka ukapotea kwenye kona.

Ulidumu na duka lile hadi macho yalipochoka. Kwenye msiba wako walisimama wengi wakasifu uaminifu wako kazini, na walisema kweli. Mimi nakukosa kwa jingine. Sijakutana tena na mtu mzima aliyesahihishwa na mtoto wake, akazidi kumpenda.

Pumzika, baba. Mama hajambo, anakusalimu.

Ni mimi mwanao wa kwanza,
Oliva