Kwa Mtani Uliyeniachia Msafara wa Watoto

Mama Kalunde, Mnyamwezi wewe,

Sijui nikusalimu vipi. Shikamoo yangu hukuipenda. Ulisema Mzaramo akikuamkia kwa adabu ujue amekuja kuomba chumvi. Basi sikuamkii. Nakwambia tu kwamba arobaini yako imepita juzi. Kisomo kimesomwa uani kwako hapa Mtoni, pilau iliungua kidogo chini, watu wakala hivyo hivyo wakasema ni tamu. Nimeona nikuandikie kabla mambo hayajanichanganyikia kichwani. Najua unachotaka kujua ni kimoja tu, kama watoto wanavuka salama, na hilo nitakujibu. Ila niache nilifikie kwa mwendo wangu. Mimi ni mwandishi, nimezoea kulipwa kwa urefu.

Unakumbuka ulivyoniokota? Ilikuwa ile miaka magazeti ya watu binafsi yalipoanza kuota kama uyoga, kila mwenye chumba na taipureta akawa na gazeti lake. Nilikuwa namwandikia yeyote aliyenitaka: mpira, mapishi, nyota za wiki, misiba ya wakubwa. Asubuhi nakaa barazani na karatasi zangu, na mtaa mzima uliamini sina kazi. Wewe ulikuwa unapita na watoto wa majirani, umewapanga wawili wawili, unawapeleka shule ng'ambo ya Kilwa Road, maana mama zao walikuwa wanawahi kwenye meza zao za mitumba na baba zao bandarini. Siku moja ukasimama mbele yangu, mwavuli mkononi.

"We Mzaramo, unakaa tu hapo unachafua karatasi. Njoo unishikie hawa wa nyuma, wananitoroka."

Nikakwambia niko kazini. Ukanitazama miguuni. "Kazi gani hiyo hata viatu haitaki?" Nilikuwa pekupeku kweli. Nikavaa ndala, nikafuata, na toka siku ile nikawa mkia wa msafara wako.

Nilijifunza kwako mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote nilichosoma. Watoto washikane vifundo vya mikono, siyo viganja, kwa sababu kiganja kina jasho na kinateleza. Wadogo wakae kati. Na ukifika barabarani ulikuwa unajitosa katikati, mwavuli juu, unawapa watoto mgongo. Mwanzoni nilidhani ni uzembe. Nikakuuliza, utawaonaje wakiwa nyuma yako? Ukasema, "Mtoto ukimwangalia anacheza. Lori ukiliangalia linasimama." Halafu ukapiga ukelele wako ule, uliojulikana mpaka kwa makuli wa bandarini: "Shikaneni! Barabara haina mama!"

Kisha gemu za video zikaja. Mashine zilizotumika, zimeletwa na meli kutoka Dubai pamoja na friji na majiko, zikafunguliwa ukumbi kule Kinondoni, na haukupita muda wazazi wakaanza kulalamika kwamba watoto wanatoroka shule. Mhariri wangu akaniita. "Wewe unakaa na watoto. Andika kila wiki, utuambie gemu lipi zuri na lipi la kihuni." Nilikwenda Kinondoni na kalamu yangu kama mtu mzima. Nikaingiza sarafu, nikashika vile vitufe, na nikatumbukia shimoni kabla sijajua mtu wangu ni yupi kwenye kioo. Nikarudi kwako nimefura. Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Una msafara mzima wa mafundi nyuma yangu, unakwenda kumuuliza nani?"

Ndivyo nilivyokuwa mchambuzi wa gemu. Jumamosi tulikuwa tunawapeleka wote Kinondoni, wewe unakaa mlangoni na mwavuli wako kama askari, kila mtoto anacheza zamu yake moja, na njiani kurudi wananipa hukumu. Jaji mkuu alikuwa Upendo, yule binti wa Mama Upendo anayeuza mitumba. "Hilo la magari zuri, ila linakuibia, linaishaga hata kona hujakata." "Hilo la kupigana la kijinga, yule wa bluu anashinda tu, hata ubonyeze umefumba macho." Mimi naandika, nanyoosha lugha, natia jina langu chini. Mhariri akasema sijawahi kuandika vizuri hivyo. Baba mmoja wa Msasani akaisoma safu yangu gazetini, akanitafuta, akaniajiri niwe nawasindikiza wanawe kwenye gemu kila Jumapili. Aliniita mtaalamu. Kusindikiza watoto kulinizalia gemu, na gemu zikanizalia watoto wengine wa kusindikiza. Ulikuwa unapenda kuwasimulia watu hilo, na kila ukisimulia mimi nilizidi kuwa mjinga.

Halafu malaria ikakupanda kichwani. Nilikuja hospitali, ukanijua, ukaniambia neno moja tu: "Wasivuke peke yao." Nikakuitikia. Lakini kuitikia ni kazi ndogo, maana watoto si wangu.

Jioni hiyohiyo Mama Upendo alikuja barazani. Unamjua, mtu wa Masasi yule, hazunguki. Akaniambia, "Mwandishi, mie sina ubaya na wewe. Lakini mwanaume, huna mke, huna mtoto, kazi yako kuandika magemu. Mama Kalunde nilimpa mwanangu kwa sababu ni mama. Wewe nikupe kwa sababu gani?" Sikumlaumu. Wenzake wote walikuwa wanafikiri vilevile, yeye ndiye aliyekuwa na mdomo wa kusema. Kila mzazi akaahidi atampeleka wake mwenyewe. Haikuchukua muda soko likawaita, bandari ikawaita, na watoto wakawa wanatumwa peke yao. Asubuhi moja nilikuwa nimesimama kando ya Kilwa Road nikaona kiatu cha mtoto kimebaki katikati ya lami, na lori la kontena linapita juu yake. Mwenye kiatu alikuwa ameshafika ng'ambo, mzima, analia. Nilikaa chini palepale. Mtoto wa mtu huwezi kumshika mkono bila mwenyewe kukupa, na nilikuwa sijapewa hata mmoja.

Siku chache baadaye ukafa.

Kalunde alikuwa ameshafika kutoka Tabora kukuuguza, akawahi kukufumba macho. Binti yako ana sura yako na hasira yako. Wakati wanaume wanajiandaa kulitoa jeneza alinifuata uani, akaniwekea kanga yako begani na mwavuli wako mkononi. "Wewe ndiye mtani. Watu wanalia kupita kiasi. Fanya kazi yako."

Sikutaka. Utani wa msibani ni rahisi kwa marehemu usiyempenda sana. Lakini mila ni mila, na Mnyamwezi hawezi kuzikwa Temeke, na Wazaramo wapo, bila wa kumsumbua. Nikajifunga kanga yako juu ya suruali, nikaenda kusimama katikati ya njia, nikalizuia jeneza.

"Hapiti mtu hapa! Tangu lini mpagazi akabebwa? Mababu zake wamebeba mizigo toka Tabora mpaka pwani, leo huyu anataka kubebwa yeye! Mshusheni atembee!"

Wanawake wakacheka huku wanalia. Nikatembea mwendo wako, ule wa kuvuta mguu wa kushoto. Nikawafokea wazee kwa sauti yako, nikamwambia shehe achomekee shati. Yule baba wa Msasani alikuwa amekuja kuhani, amevaa suti, si mtu wa pwani. Akamshika jirani mkono: "Jamani mkamateni, amerukwa na akili." Akaambiwa, "Muache, mtani huyo, yuko kazini." Alibaki ametoa macho. Najua hapo ungeanguka kwa kicheko.

Kisha mdomo ukaniponyoka. Sikupanga, ila mwavuli ulikuwa mkononi na mwendo wako ulikuwa miguuni. Niliwapa watu mgongo, nikanyanyua mwavuli juu, nikapiga ukelele: "Shikaneni! Barabara haina mama!"

Kicheko kikakatika. Nikajua nimekosea, nimetia chumvi kwenye kidonda. Nikageuka niombe radhi, na Mama Kalunde, nikaona watoto wako. Walikuwa wamening'inia kwenye ua wa makuti wakituchungulia. Sasa walikuwa wameshuka wote, wamejipanga njiani wawili wawili, vifundo vimeshikwa, wadogo kati, Upendo mbele. Hakuna aliyecheka. Walikuwa wananitazama, wanasubiri kuvushwa.

Hilo halimo katika utani wowote ninaoujua. Jeneza liko begani mwa watu, shehe kasimama, na mie na kanga kiunoni. Nikafanya kilichobaki kufanywa. Nikaingia katikati ya kichochoro, nikawapa mgongo, nikawavusha mpaka upande wa pili, taratibu, hakuna aliyeachia mkono. Ndipo nikawapisha wabebaji, nawe ukapita mbele ya watoto. Mtani halii. Mimi nililia palepale, kwa sauti, na kanga yako ndiyo niliyofutia uso. Nilikuwa nakupenda, mtani. Hatukuwa na namna ya kuambiana hivyo zaidi ya kutukanana, basi nakwambia leo.

Matanga yalipokwisha, Jumatatu nilitoka barazani mapema na mwavuli. Sikumwita mtu. Nilisimama tu pale pako, nikijiona mpumbavu. Wa kwanza kutokea alikuwa Mama Upendo, kamshika Upendo mkono, mzigo wa mitumba kichwani. Akasema, "Twende nione." Nyuma yake wakaja watoto wengine, wazazi wao wamesimama milangoni wanatutazama. Mama Upendo akashika mkia, pale nilipokuwa nakaa mimi.

Nikwambie ukweli, kugeuza mgongo ni kazi ngumu kuliko zote ulizonifundisha. Shingo ilikuwa inataka kugeuka yenyewe. Kontena lilikuwa linashuka kutoka upande wa bandari, nami nikalikazia macho kama ulivyosema, na mwavuli juu. Lilisimama karibu sana, nikasikia joto la injini kwenye kifua. Dereva alinitukana tusi zito. Nyuma yangu nilisikia ndala tu, ndala nyingi, kisha kimya. Nilipogeuka wote walikuwa ng'ambo. Mama Upendo akatengeneza mzigo wake. "Kesho siji," akasema. "Nawahi sokoni." Kabla ya Ijumaa mstari ulikuwa umerudi urefu wake.

Mengine ni madogo. Kalunde amerudi Tabora, nguo zako kawagawia majirani, mwavuli kakataa kuuchukua. Baba wa Msasani amewanunulia wanawe mashine yao wenyewe nyumbani, kwa hiyo kazi ya Jumapili imekwisha. Nilidhani nitasikitika, nikaona nimepata siku ya kulala. Ukumbi wa Kinondoni wameongeza gemu jipya la ndege, Upendo anasema ni zuri ila linaumiza dole gumba. Safu bado naandika, na kitu kimoja nimekibadilisha. Zamani nilikuwa naandika, "ukifa unaanza tena." Siku hizi naandika, "ukishindwa unaanza tena." Mhariri hajaniuliza kwa nini. Mkiani sasa yuko Upendo, maana mimi nimehamia mbele, na anawafokea wenzake vibaya kuliko wewe.

Hili la mwisho ndilo lililonikalisha kuandika. Mama Upendo ana mtoto mwingine, Tumaini, aliyeanza darasa la awali mwezi huu. Wote tulimuona akikua mgongoni, mama yake hakumpa mtu amshike, wala wewe hakukupa. Asubuhi alikuwa anambeba mpaka shule ndipo arudi njia nzima kwenda sokoni. Jana alikuja naye. Mtoto alikuwa ameng'ang'ania kanga ya mama yake, analia chinichini. Mama Upendo aliinama, akafungua vile vidole kwenye kanga yake, kimoja kimoja, halafu akakichukua kile kifundo cha mkono akakiweka mkononi mwangu, akaondoka bila kutazama nyuma.

Mtani, buriani. Mola akulaze mahali pema, na wakikuweka karibu na Mzaramo yeyote huko, usimpe raha. Mie nakuahidi hawatavuka peke yao, mvua na jua, mradi miguu yangu inanibeba. Kunakucha sasa, na nje nawasikia wameshaanza kugombana nani asimame na Tumaini. Ngoja nitoke.

Mtani wako,
Kondo