Radi, carte réseau na maneno nalimutupia Tata Kalala

Kapata, mu Kolwezi, siku ya tano ya juma. Mvua inanyesha tangu asubuyi, matope mpaka ku mulango.

Nalimukosea Tata Kalala, jirani yangu. Nianze na ile, juu nikianza na machine nitajificha nyuma ya machine.

Tata Kalala ni Mukasai. Baba yake alikuya kutumika mu mugodi, sawa baba yangu alitoka Sandoa, mu Katanga. Kampuni ilikufa, baba zetu balikufa, leo siye tuko mu zile nyumba, ukuta moya katikati yetu. Connexion ya internet tunalipa pamoya, modem iko kwake. Mi natumika nayo: batu banakuya, nabaandikia barua za kutafuta kazi, nazituma.

Siku ya tatu machine ikakatala. Ni ordinateur, kompyuta ya zamani, nalitia Linux mi mwenyewe. Naangalia liste ya wifi: hakuna hata moya. Nikagonga ku ukuta.

"Tata Kalala, ulizima modem?"

"Hapana, yaya. Kwangu inapita muzuri. Nikuye tuangalie pamoya?"

Nikakatala. Mu roho nalishasema: huyu anaficha connexion, anakula peke yake. Kijana moya alikuwa anangojea barua yake akachoka, akaenda. Kasirani ikanipanda.

Nikatoka mpaka ku robinet. Bamama balikuwa banateka maji, Tata Kalala pale na mutoto wake Mbuyi. Nikalalamika kwa sauti, kila mutu asikie: "Siye tulibaachilia mubakie apa, na sasa munatuibia! Rudia kwenu Kasai!"

Hakuna mutu alicheka.

Tata Kalala akainamisha kichwa, akabeba bidon. Mbuyi njo aliuliza: "Papa, tunaenda wapi?"

Yale maneno mi sikuyatunga. Nalisikia batu bakubwa banaimba yale ku barabara, ile myaka ya kufukuza Bakasai mu Katanga. Nalikuwa mutoto. Kalala naye mutoto. Yeye na mama yake balilala ku gare chini ya bashiti za plastiki, banangojea train, na muloko wake, ndugu yake mudogo, akafia pale pale. Alinielezea mara moya tu. Akiwa mukubwa akarudia Kolwezi, akasema apa njo kwabo. Na mi siku zote nalikuwa najisifu: mi sikufukuza mutu.

Juzi njo nalifukuza.

Mangaribi ya ile siku bibi yangu, mama wa nyumba, akatoka soko. Akatosha telefone yake, ikaingia ku wifi papo hapo. Akaniangalia.

"Wifi ya mwizi wako inapita, papa. Ni weye njo haupite."

Basi jana nikaikala chini kwa kweli. Nikajiambia: siamuke apa mbele ya kuyua shida iko wapi. Nikaangalia kama Linux inaona carte réseau, kile kipande kinakamata wifi: inaona. Pilote yake, programu ya kuiendesha: iko. Nikazima, nikawasha tena: bure. Nikaanza upya, polepole, kila kitu kwa zamu yake. Mwisho nikaandika rfkill, ile amri inaonyesha kama kuko kitu kinafunga carte. Ikajibu: imefungwa na kifungo cha inje.

Si pilote. Si modem. Si Kalala.

Nikageuza machine. Ku ubavu kuko kifungo kidogo sawa ukucha, kilikuwa upande wa kufunga. Na nikakumbuka. Asubuyi ya siku ya tatu radi ilipiga karibu. Kwetu radi ikianza, kila nyumba inazima bitu yote: tunatosha fishi ya courant, tunafunika kioo, hakuna kushika telefone. Mi nalitosha fishi, na juu ya woga nikasukuma na kile kifungo. Radi ikapita, nikarudisha fishi. Kifungo nikasahau.

Nikakisukuma na kidole. Wifi ya Kalala ikatokea ya kwanza.

Sikufurahi.

Na tangu jana nanyamaza, ile nayo ni kosa. Leo asubuyi nikamusikia Tata Kalala kupitia ukuta, anaongea na bibi yake: batoto bapande lori ya siku ya kwanza, baende Mbuji-Mayi, mu Kasai, kwa ndugu yake mukubwa. "Kama jirani wa ukuta moya anasema vile," alisema, "bengine banasema nini?"

Nalitaka kumuomba musamaha polepole, mu nyumba yake, mulango imefungwa. Bibi yangu akakatala. "Mudomo ilitukana mbele ya batu, papa. Unataka iombe musamaha mu giza?"

Bibi yangu iko na haki.

Keshokutwa, siku ya Mungu, kisha misa, nitasimama ku robinet mbele ya bale bamama. Nishamutuma bibi yangu aombe Tata Kalala akuye na Mbuyi. Nitasema kwa sauti ile ile: nalisema bongo, Tata Kalala hakuiba kitu, kosa ni yangu. Sitasema "mubakie", juu mi si mwenye inchi, na habaniombi ruhusa.

Akikatala kunisamehe, ni haki yake. Lakini lori haitaondoka siku ya kwanza Mbuyi akiwa hajasikia, mu mudomo yangu, kama mi njo nalidanganya.