Zamu ya Kujibu

Jumatatu, 3 Machi

Mwalimu ametuagiza tuandike shajara kwa Kiingereza kila siku. Nimemwandikia yake: Leo nimeamka. Nimekunywa chai. Nimekwenda kazini. Nikiisoma naona ni ya mtu asiye na maisha. Basi hii nyingine ni yangu mwenyewe, kwa lugha niliyozaliwa nayo, na Mwalimu hataiona.

Habari kubwa — binti yangu kajifungua! Mtoto wa kike, kapewa jina la bibi yake. Nimeonyeshwa kwenye simu. Kitoto kimekunja uso vilevile alivyokuwa akikunja Bibie, mke wangu, akionja mchuzi uliozidi chumvi. Nikalitamka lile jina kwa sauti. Mimi nilikuwa namwita Bibie tu, jina lake halisi lilikuwa la watu wa vyeti. Limenitoka kwa shida; tangu mazishi sikuwa nimelitamka.

Binti kasema: Baba, njoo. Si kutembea, njoo ukae na sisi. Makaratasi yote ya safari mkwe wangu kayakamilisha huko huko ughaibuni. Kimebaki kitu kimoja, cheti cha Kiingereza, Kiwango cha Tatu. Mimi ninacho cha Pili. Mtihani ni mwisho wa mwezi huu, na ukinipita huo, maombi yanaanza upya mwakani.

Mwakani mtoto atakuwa anatembea.

Alhamisi, 6 Machi

Darasani. Chumba ni kile kile, juu ya duka la rangi, na harufu ya rangi inapanda mpaka unahisi ulimi umepakwa. Ukutani kuna lile bango la viwango sita. Cha Kwanza: anaweza kusalimia na kutaja jina lake. Cha Pili: anaweza kununua vitu na kueleza familia yake. Cha Tatu: anaweza kusimulia yaliyompata na kutoa sababu. Huko juu, cha Tano na cha Sita, watu wanataniana na kugombana bila kutafuta maneno. Bibie, tulipokuwa tunasoma wote hapa, alikuwa akisema kwamba kwa lugha yetu wenyewe, yeye kwenye kununa alishafika cha Sita zamani.

Leo kulikuwa na jaribio. Mtihani una sehemu mbili: kwanza unaulizwa, kisha wewe unauliza. Nikakaa mbele ya Mwalimu — binti mdogo, umri wa mwanangu, chaki mpaka kwenye nywele. Akaniuliza ninaishi wapi. Nikafungua mdomo. Nikamwuliza: na wewe unaishi wapi?

Darasa likacheka. Akaniuliza kazi yangu nini. Nikamwuliza yeye kazi yake nini. Kinyozi, ambaye hukaa nyuma yangu na ana neno kwa kila mtu, akacheka mpaka akashika meza. Mwalimu naye alicheka mwanzoni. Halafu akaacha.

Aliniambia nibaki. Akafungua kile kitabu cha mazungumzo, kile cha Wa Kwanza anauliza, Wa Pili anajibu. Mzee, akasema, wewe ulikuwa nani humu? Wa Kwanza. Siku zote? Siku zote. Na mama? Wa Pili. Hamkuwahi kubadilishana? Hata mara moja, nikasema, yeye hakutaka na mimi sikutaka. Na mitihani ya nyuma tulifanya wawiliwawili, ndio utaratibu wa viwango vya chini, kwa hiyo hakuna aliyegundua.

Akakirudisha kitabu mezani, akasema: Kwa hiyo, Mzee, una nusu ya Kiingereza.

Nikamwambia ndiyo. Nusu nyingine kaondoka nayo mwenyewe.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeshinda karakanani nikitengeneza kochi la daktari wa meno, la watu watatu. Sponji imekwisha, springi zimelala, kitambaa kimepauka upande wa dirisha. Mikono inafanya kazi, kichwa kinakwenda kinakotaka.

Kilikwenda kwenye harusi ya binti. Tuliiangalia kwenye simu, mimi na Bibie, tumevaa nguo za sherehe sebuleni kwetu. Wazazi wa mkwe wakaja mbele ya kamera wakasema maneno mengi mazuri. Sisi tukatabasamu. Wakasema mengine. Tukatabasamu tena. Simu ilipokatika Bibie akavua viatu akasema: nimechoka kutabasamu kama picha. Wiki ileile tukajiandikisha.

Benchi letu lilikuwa la dirishani. Tulikuwa wazee kuliko wote na wakorofi kuliko wote. Tukitoka tunarudi kwa miguu chini ya mwavuli mmoja, tunatajiana vitu vya njiani kwa Kiingereza: nguzo, mbwa, shimo, mama mwenye hasira. Mvua isiponyesha tulifungua mwavuli vilevile.

Mazoezi tulifanyia jikoni. Mimi mezani na kitabu, yeye amenipa mgongo, yuko na masufuria yake. Nauliza, anajibu bila kugeuka. Kitabu hakikumtosha. Swali: unaishi na nani? Kitabu kinasema: ninaishi na familia yangu. Bibie akasema: ninaishi na mwanamume mgumu, lakini anatengeneza viti vizuri. Alilirudia darasani, Mwalimu akampa alama zote.

Aliyoipenda zaidi ni ile sura ya nyumbani. Wa Kwanza: Mama yuko wapi? Wa Pili: Yuko jikoni, anakuja sasa hivi. Hiyo alisema haihitaji kuigiza. Ikawa ndiyo hodi yetu. Natoka karakana, nasimama mlangoni, nauliza kwa Kiingereza changu cha koti na tai. Ananijibu kutoka jikoni, kwa sauti ya kike ya kwenye kanda ya masomo, kana kwamba anamsema mtu mwingine: yuko jikoni, anakuja sasa hivi. Na haji. Mpaka nimfuate.

Majirani walidhani tumerukwa na akili.

Jumanne, 11 Machi

Shemeji kaja kunisaidia. Mdogo wake Bibie, fundi cherehani, mdomo mkali kuliko mkasi wake. Kiingereza chake ni cha kusoma tu, lakini maswali anayaweza. Kakaa kwenye kiti changu, kashika kitabu. Akauliza. Nikakwama. Akauliza tena. Nikamwuliza yeye.

Akafunga kitabu. Shemeji, akasema, mimi nakujua. Ulipoulizwa siku ya ndoa kama umekubali, nani alijibu?

Nikamwambia nilikohoa kidogo tu.

Ulikohoa, na dada yangu akasema: amekubali huyo, endeleeni.

Tulicheka sana. Ana kicheko cha kooni, kile kile cha dada yake, cha kuanzia chini kama maji yanayochemka. Ikabidi niinuke nikatafute miwani. Miwani ilikuwa usoni.

Lakini ni kweli. Shati la bluu liko wapi? Daktari kasemaje? Yule jamaa anaitwa nani? Leo tarehe ngapi? Ndiyo maisha yetu yote. Aliniita Mzee wa Maswali kabla hata hatujaliona hilo darasa. Nilikuwa naulizia hata vitu ninavyovijua, ili nimsikie anajibu.

Jumapili, 16 Machi

Binti kapiga simu. Mkwe akaingia kwenye picha, kijana mpole, akanijulia hali kwa Kiingereza cha polepole. Nikamwuliza yeye hali yake. Akajibu, akaniuliza kama nimepona mafua. Nikamwuliza kama na yeye ana mafua.

Binti akacheka: Baba, siku zote mama ndiye aliyekuwa anajibu. Kisha akageuza simu kuelekea kitandani.

Mtoto alikuwa amelala.

Jumatano, 19 Machi

Nimepata dawa! Imetokea bila kukusudia. Shemeji alikuwa mezani na kitabu, mimi nikaona sufuria haijaoshwa, nikainuka. Nimempa mgongo, mikono kwenye maji. Akauliza kivivu tu: unaamka saa ngapi? Nikajibu. Akauliza jingine. Nikajibu. Akauliza nina watoto wangapi, nikasema kwa Kiingereza kilichonyooka: mimi ni mama wa mtoto mmoja.

Shemeji aliteremka kwenye kiti. Nusura apasuke mbavu.

Kumbe majibu yote ninayo. Miaka yote ile nilikuwa nayasikia. Yako pale kwenye sinki, unatakiwa usimame alipokuwa anasimama. Tukarudia sura zote. Sufuria moja nimeiosha mpaka inang'aa kama mpya.

Jioni nikamwonyesha Mwalimu, nimegeukia ubao, nimeshika kifutio. Kafurahi. Lakini akasema: Mzee, hayo ni ya mama. Msahihishaji atataka ya kwako. Yachukue uyageuze kidogo kidogo.

Nikaanza kuyageuza. Mama nikaweka baba. Kupika nikaweka kushona makochi. Mahali unapopapenda ni wapi? Lake lilikuwa zuri, lilikuwa na kitu kuhusu mwavuli. Nikaweka karakana. Nikairudia karakana mpaka ikakaa ulimini. Usiku huu nimetaka kulisikia lile lake la mwavuli, kwa maneno yake mwenyewe. Nasikia karakana tu.

Ijumaa, 21 Machi

Sikufanya zoezi. Mwalimu kapiga simu, nimemwambia mgongo unauma. Hauumi.

Sitaki cheti cha namna hii. Kila jibu ninalojifunza nafuta lake. Sauti yake haipo kwenye kanda yoyote, ipo kwenye hiki kichwa changu kibovu tu, na mimi najitia kushona kitambaa kipya juu ya cha zamani. Kwenye makochi hatufanyi hivyo. Fundi mzuri anavua kwanza, na akivua huwa anaona kilichokuwa chini.

Shemeji kaleta chakula, kaniona nilivyokaa, kaweka mezani bila neno. Mlangoni kasema tu: Shemeji, lile la mwavuli mimi nalikumbuka. Alisema anapenda chini ya mwavuli, pale mvua inapoisha na wewe hujui kama imeisha.

Nimelia. Basi. Hakuna anayesoma.

Jumapili, 23 Machi

Binti katuma video. Mtoto analia, kakunja ngumi, uso mwekundu. Nikajikuta naiuliza simu kwa Kiingereza: kwa nini unalia? Nikakaa nasubiri.

Halafu nikawaza. Huyu naye ataanza kuuliza. Kwa baba yake watamlea kwa Kiingereza, na ana jina la bibi yake, siku moja atataka kujua huyo bibi alikuwa nani. Mama yake atamweleza yake. Lakini yale ya jikoni na ya njiani hakuna mwingine aliyekuwepo. Nikimwuliza na yeye bibi yake alikuwa nani, nitakuwa nimefanya nini?

Nimempigia Shemeji. Nimemwambia alete mdomo wake. Sufuria nimeshazichafua.

Alhamisi, 27 Machi

Naandika kwenye benchi la korido.

Nilikuwa wa tatu kuitwa. Chumba kidogo, meza, viti viwili vibaya sana, cha kwangu kimepasuka ngozi na sponji inachungulia. Msahihishaji ni mwanamke wa makamo, mtulivu. Hakuna sinki. Hakuna pa kugeukia. Nikaweka macho kwenye ule mpasuko wa kiti na vidole vikawa vinaurudisha ndani.

Jina, nikajibu. Kazi, nikajibu vizuri, nikaongeza na habari za springi. Mahali ninapopapenda — nikasema lile la mwavuli, nikasema kwamba mke wangu ndiye aliyelisema. Akainua macho.

Kisha akauliza ninaishi na nani. Nililokariri lilikuwa fupi: ninaishi peke yangu. Nikasikia mdomo unasema: ninaishi na mwanamume mgumu, lakini anatengeneza viti vizuri. Kalamu yake ikasimama. Nikamweleza. Hayo sasa hayakuwa ya kitabuni wala ya Bibie. Nikamsimulia jikoni, mgongo wake, sauti yake ya kwenye kanda, majirani. Sijui vitenzi vilikwenda wapi, vingine naona vilibaki nyumbani. Nilisema kwa muda mrefu, mimi, na yule mama alikuwa anacheka, akajifuta jicho kwa kidole.

Akauliza taratibu: na sasa yuko wapi?

Nikajibu papo hapo. Sikukwama hata kidogo, na matamshi yalikuwa safi kuliko yote ya leo: yuko jikoni, anakuja sasa hivi.

Akatabasamu. Akaandika kitu. Akasema vizuri sana, pumzika nje kidogo, nitakuita kwa sehemu ya pili.

Nimekaa hapa. Kwa lugha, jibu halina kosa. Nikiingia kulisahihisha nitatakiwa kusema lile neno lingine, na nalijua, lipo kwenye somo la yaliyotupata, Mwalimu alitukaririsha sana. Kinyozi yuko pembeni yangu anangoja zamu yake. Kaniuliza imekwendaje. Nimemwambia imekwenda.

Mlango umefunguliwa, ananiita kwa mkono. Sehemu ya pili sasa, yangu hiyo, ya kuuliza. Mwalimu alisema hizi ni alama za bure kwangu. Maswali ninayo yote, sura zote. Natafuta la kuanzia, na linalonijia ni lile moja tu, la mlangoni.