Kama Karanja Anajuta Kweli

Jumatatu, 3 Machi

Sketi za shule tena. Marinda tu, kutwa nzima. Sindano ya cherehani ikavunjika, nikatoka kununua nyingine hapa chini Mwihoko, na niliporudi nikakuta simu imelia mpaka imechoka. Nambari siijui. Nikapiga.

Mama mmoja, sauti ya pole. Afisa wa probesheni kutoka korti ya Thika. Anaitwa Bi. Nekesa. Akasema kesi ya Karanja inarudi. Si kesi yenyewe, ni hukumu tu. Jaji ataangalia kama kile kifungo cha maisha kibaki au kipunguzwe. Anataka kuja kuniona Alhamisi.

Nikasema karibu. Ningesema nini?

Karanja ndugu yangu alimuua mkewe Muthoni. Alimpiga hadi akafa, katika nyumba ya kupanga pale Ruiru, miaka kumi na miwili sasa. Sijawahi kuandika hivyo. Nyumbani tunasema "ile shida", kana kwamba ni mafua. Shiru wao alikuwa na miaka minne. Nikamchukua. Sasa yuko Form Three, ananiita Tata, yaani shangazi, na anavaa viatu vyangu bila kuniuliza.

Marinda yote ya mchana yamepinda. Nitayafumua kesho.

Alhamisi, 6 Machi

Bi. Nekesa alikuja. Viatu vyake vimejaa vumbi. Nilimpa chai, akainywa yote, nikampenda kidogo kwa hilo.

Maswali mengi. Karanja alikuwa mtoto wa aina gani. Alikunywa? Mkewe alimwogopa? Nilijibu. Kisha akauliza, "Unaona anajuta?"

Nikasema, "Huwa analia."

Akaweka kikombe chini. "Mama Shiru, sikuuliza kama analia."

Nilijiona kama mtu aliyekamatwa mkono ukiwa ndani ya sufuria.

Swali la mwisho ndilo lililomleta. Akitoka, atakaa wapi? Kwa mama huko Ngoliba haiwezekani. Wazazi wa Muthoni ni majirani, shamba lao liko ng'ambo ya korongo, na chifu amesema watu bado wana uchungu. Nimebaki mimi. Vyumba viwili, na kimoja ni cha Shiru. Anataka jibu langu kabla ya kuandika ripoti. Pia atauliza kama familia mbili zimepatana. Jaji huangalia hayo.

Shiru alikuwa nje akifua. Najua alisikia. Soksi moja haifuliwi muda wote huo.

Jumamosi, 8 Machi

Ngoliba. Jua kali, mahindi yamekauka yakiwa urefu wa goti. Mama ameshapanga kila kitu. Karanja atakuja kwangu mwaka mmoja, watu watulie, halafu arudi shambani. Hata kitanda amenichagulia.

"Nimwone tu kabla sijafa," alisema. "Hata wewe ni wangu, lakini wewe nakuona."

Mama yangu hajui kulazimisha. Anaomba tu, na hiyo ni mbaya zaidi. Mzee Kimani, ndugu wa marehemu baba, amesema tutawapelekea wazazi wa Muthoni kondoo dume, kama inavyopasa. Wakimpokea na tukala pamoja, maneno yameisha. Wasipompokea, atabaki amefungwa langoni na sisi tutarudi na aibu yetu.

Sikumwambia mama kwamba nilikuwa nimeomba, kimoyomoyo, wasimpokee.

Jumanne, 11 Machi

Gerezani. Nilimbebea sabuni na mafuta.

Amenona kidogo. Amesoma Biblia mpaka ana cheti, na huhubiria wenzake. Alinishika mikono, akaanza. Amekuwa kiumbe kipya. Ule ulikuwa utu wa kale. Anabeba msalaba wake kila asubuhi. Machozi yakaja pale yanapokuja kila mara, kwa neno "msalaba". Mfungwa wa benchi la jirani alikuwa akimwambia mkewe maneno yaleyale. Utu wa kale. Kiumbe kipya. Nilitamani kucheka, nikajiona mtu mbaya.

Sisemi anadanganya. Labda huko ndani maneno ni kama sare, mnapewa yaleyale na kila mmoja anavaa lake. Lakini nimemlea huyu. Tulipovunja kitu, Karanja alilia kabla fimbo haijashuka kutoka paani. Fimbo ikanishukia mimi niliyekuwa mkavu. Mama alisema mimi nina moyo mgumu. Labda ninao.

Simwamini. Imeandikwa. Ndugu yangu anaomba msamaha analia, na dadake wa tumbo moja anamkagua kama mnunuzi wa mitumba.

Jumamosi, 15 Machi

Nimefanya jambo baya. Niandike kwa utaratibu.

Tulikwenda kwa kina Muthoni. Mama, Mzee Kimani, wazee wawili wa ukoo, na mimi. Kondoo mmoja. Lakini langoni nikaona Mzee Kimani ana mbuzi pia. Nilidhani ni wa kuongezea nyama.

Tukaketi. Salamu ndefu. Mzee Kimani akasema vizuri sana, hata mimi nilipangusa macho. Halafu Baba Muthoni akaonyesha kwa fimbo. "Kondoo najua ni wa nini. Huyu mbuzi je?"

Mzee Kimani akajibu kwa heshima zote, "Ni wa ruracio iliyobaki, mkwe wangu. Hatuwezi kuomba msamaha na mahari hatujamaliza."

Alimaanisha heshima. Katika jambo lingine lolote angesifiwa, kwa maana mkwe haendi kuomba kitu akiwa na deni. Lakini Muthoni amezikwa pale pale, shambani kwa babake, kwa sababu ruracio haikuisha. Walimchukua maiti wakasema hakuwa wetu. Na sisi tumekuja kummalizia malipo akiwa ardhini.

Mama Muthoni aliinuka, akaenda nyuma ya nyumba. Baba Muthoni akasema mbuzi atolewe nje ya lango, na akatolewa. Nikajua kondoo ndiye anayefuata. Mama yangu alikuwa ameshika ncha ya leso yake, anaikunja na kuikunjua.

Ndipo Baba Muthoni akanigeukia. "Njeri. Hawa nimewasikia. Wewe ndiye umetulelea mtoto. Wewe unaamini huyo kijana anajuta?"

Nikasema, "Ndio, Baba. Naamini."

Sauti yangu haikutetemeka. Huo ndio ubaya wenyewe. Karanja hulia, mimi natulia. Kumbe tumetoka chungu kimoja.

Baba Muthoni akasema, "Kama wewe unaamini, sisi tutakataa na nini?" Kondoo akachinjwa. Mama Muthoni akarudi. Nilipewa ubavu, nikautafuna, nikaumeza. Wakati wa kuondoka Mama Muthoni alinishika mkono akasema, "Sasa nitalala."

Jumapili, 16 Machi

Sikwenda kanisani. Nimesema kichwa kinauma. Hakiumi.

Mama alipiga simu akiimba. Mama yangu, akiimba.

Jumatano, 19 Machi

Bi. Nekesa amekuja kuchukua jibu. Nilikuwa nimeamua ndio. Usiku kucha ndio. Nimekula nyama kwa watu, nimewapa neno, basi niendelee nalo.

Kisha Shiru akapita na ndoo ya maji, akamsalimia mgeni, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango kwa komeo. Hakuwa na kawaida ya kufunga. Tangu siku ile ya soksi anafunga.

Nikasema hapana. Hawezi kukaa kwangu. Na kama unauliza kuhusu kujuta, simwamini.

Akashangaa. "Lakini wazee wameniambia wewe mwenyewe uliwahakikishia."

"Nilidanganya."

Kalamu ikasimama. Aliniangalia bila hasira, na ningependelea hasira. Nikamwuliza kama hayo yatasomwa mbele ya Mama Muthoni. Akafikiri. Akasema ataandika kwamba siwezi kumpokea na kwamba sina hakika na mabadiliko yake. Ya wazee atawaachia wazee.

Ameninusuru. Sistahili. Kwa wazee nimesema naamini, kwa serikali nimesema siamini, na pande zote mbili zimenishukuru.

Jumamosi, 22 Machi

Karanja alipiga kutoka gerezani, ile simu yao ya dakika chache. Ameambiwa. Nilisubiri kilio. Nilikuwa nimejiandaa kabisa, nimekaa kitandani na leso mkononi.

Akasema, "Njeri, nimesikia umekataa."

"Ndio."

Nilisikia mtu nyuma yake akikohoa.

"Ni sawa," alisema. "Hata mimi ningekataa. Huku sijawahi kukasirishwa na mwanamke. Naamka, nahubiri, nalala. Watu wanasema nimebadilika. Sijui, Njeri. Sijui nitafanya nini siku nikikasirika tena. Usiniweke karibu na Shiru."

Sauti kavu. Hakuna msalaba wala utu wa kale. Kisha akasema jambo ambalo hajawahi kulisema, kortini wala kwangu. Kwamba Muthoni alimwambia, "Baba Shiru, mtoto anaona." Na yeye alisikia, na hakuacha. Simu ikakatika, dakika zimeisha.

Nimekaa pale pale hadi chai ikapoa. Namwamini. Miaka kumi na miwili nimemkagua, na leo namwamini.

Jumapili, 23 Machi

Nilimpigia Bi. Nekesa, Jumapili, bila haya. Ripoti imeshafika kortini. Akasema nikitaka naweza kuomba kuongea siku yenyewe.

Niongee niseme nini? Nikiwaambia alichosema, jaji atasikia mtu asiyejua kama ataua tena. Atabaki ndani. Nisipowaambia, watasikia yale mahubiri yake, na kwa mahubiri huenda akatoka. Neno pekee lililonifanya nimwamini ndilo litakalomfunga.

Na kuna jambo lingine linalonisumbua. Nimemwamini siku aliyonitua mzigo. Aliposema niko sawa kumkataa, nikaona ana toba ya kweli. Angenililia nimchukue, ningemwamini? Huenda ninapenda tu mtu anayekubaliana na mimi.

Alhamisi, 27 Machi

Korti ya Thika. Mvua ya kwanza, watu wote wamelowa, ukumbi unanuka makoti. Mama upande mmoja wangu, Mama Muthoni upande mwingine. Tumeketi pamoja kwa sababu ya kondoo. Watu wa korti walitutazama kama kituko.

Karanja alisimama. Kiumbe kipya, utu wa kale, msalaba. Machozi kwa wakati wake. Jaji alisikiliza, akaandika. Mama Muthoni akanishika mkono, akaninong'oneza, "Kweli anajuta. Wewe ulisema."

Nikasema, "Ndio, Mama." Safari hii ilikuwa kweli, na haikuwa kwa maneno aliyokuwa akiyasikia.

Wakili akauliza kama kuna wa familia mwenye neno. Bi. Nekesa alinigeukia. Karanja pia alinitazama, mara moja, halafu akatazama sakafu. Mama alikuwa anaomba, midomo inacheza. Nilihisi miguu ikitaka kusimama. Nikaikandamiza sakafuni.

Sikusema. Uamuzi utasomwa baadaye. Tukanywa chai hotelini, sisi watatu. Mama Muthoni alilipa.

Ijumaa, 28 Machi

Sweta za shule. Baridi imekuja, wazazi wote wamekumbuka leo.

Shiru aliporudi nilimwambia akae. Nikamweleza yote ya simu, neno kwa neno, hata lile la mamake. Ni lake kuliko langu. Hakulia. Aliuliza nirudie pale pa "mtoto anaona". Nikarudia. Akasema hakumbuki kuona. Akasema labda anakumbuka.

Kisha akauliza, "Si angesema hivyo kortini?"

Nikamwambia angesema hivyo, angezeekea huko.

Akafikiri, anavuta uzi kwenye mkono wa sweta.

"Na wewe, Tata? Mbona hukusema?"

Niliinamia sweta, nikaanza kuhesabu vifungo vilivyobaki kushonwa. Hakunigombeza. Alingoja kiasi cha heshima, akaniondolea sweta magotini, akaanza kunishonea vifungo.